Yule fundi wa chini ya sakafu

Ami yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Mlandege, mjini Unguja, kidogo kiasi kwamba ukinyoosha mikono yako miwili unagusa kuta zote. Mna meza, mna mita ya kupimia, mna makopo yamejaa skrubu na fyuzi za kila namna, na juu ya rafu mna deki ya kaseti ambayo mteja aliileta ikatengenezwa na yeye mwenyewe hakurudi tena. Mie nikitoka skuli napita pale kwanza kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, kazi yangu kumshikia tochi. Nimeshika tochi miaka mingi sana wallahi, nadhani ndo maana mpaka leo nikiangalia kitu chochote kwenye skrini macho yangu yanakwenda kwenye mikono ya mtu kabla ya uso.

Basi mwaka mmoja, miaka ya themanini inakatika, jirani mmoja alirudi kutoka Muscat na boksi zima la kaseti za video. Nyingi zilikuwa filamu za Kihindi na hizo zilizunguka mtaa mzima hata zikaisha rangi, ila zilikuwemo tatu nne ambazo hakuna aliezitaka kwa sababu ni za Kiingereza, hazina nyimbo, hazina mapigano ya maana, watu wamevaa suti wanazungumza tu. Zikaishia kwa ami. Moja ilikuwa Mission: Impossible, sirizi ya zamani ya Marekani, ile ya kwenye televisheni sio hizi filamu za Tom Cruise mnazozijua, maana vijana wa sasa ukitaja jina hilo wanaona pikipiki na ndege tu.

Wasiojua niwaambie kidogo. Inaanza mkono unawasha kibiriti, unawasha utambi, utambi unakwenda huku unaungua na muziki unapiga. Ule mkono ni wa Bruce Geller mwenyewe, alieitunga hii sirizi. Muziki ni wa Lalo Schifrin, Muargentina, na ami ambae alikua kwenye taarab aliusikiliza mara mbili akanambia hapa pana mapigo matano, hesabu, moja mbili tatu nne tano, sio manne, na kweli ndivyo ulivyo. Halafu bosi wa kikundi cha majasusi anasikiliza tepu inayompa kazi, tepu inaungua moshi baada ya sekunde tano, anakusanya watu wake, wanakwenda nchi fulani kumdanganya jenerali fulani. Ndo hivyo kila wiki.

Ami hakuwa na Kiingereza. Alikuwa na cha maneno yanayoandikwa nyuma ya redio, zaidi ya hapo hana. Kwa hiyo wale wakubwa wa sirizi, wanaojibadilisha sura, wanaosema maneno matamu, wanaolaghai watu, kwake walikuwa kelele tu. Ila mmoja alimuelewa tokea dakika ya kwanza. Mtu mweusi, mrefu, mtulivu, amelala chali ndani ya shimo la lifti na bisibisi mkononi, jasho linamtoka, anafungua kifuniko cha mashine, na wala hasemi kitu. Ami aliacha redio ya mtu mezani. Akasogea karibu na skrini hata nikadhani kuna kitu kimeungua, kumbe anaangalia waya.

"Huyu fundi," akasema. Hakusema huyu muigizaji, akasema huyu fundi, na kwa namna alivyokuwa ami hiyo ndo sifa ya juu kabisa anayoweza kumpa binaadamu.

Yule alikuwa Greg Morris, anacheza kama Barney Collier, na toka siku ile mie nimemfuata yule bwana mpaka leo, nikisoma kila ninachokipata, nikinunua kila diski ninayoiona. Watu wananiuliza kwa nini sio wale mastaa. Nataka niandike hii mara moja nimalize.

Kazaliwa Cleveland, Ohio, mwaka 1933. Alipita jeshini, halafu akenda Chuo Kikuu cha Iowa, huko ndo akaingia kwenye maigizo ya jukwaani na pia akawa na kipindi cha jazi redioni. Baadae akenda zake Hollywood kama wengi wanavyokwenda, akawa anapata zile sehemu ndogo ndogo: leo daktari kwenye tamthilia ya hospitali, kesho askari, wiki ijayo mtu wa kufungua mlango. Ukiangalia orodha ya sirizi alizopita miaka ya mwanzo wa sitini, Ben Casey, Dr. Kildare, The Twilight Zone, unaona ni mtu anagonga mlango kwa mlango, na kila mlango anapewa dakika mbili tatu.

Na dakika moja ya hizo ndo nataka nikae nayo kidogo kwa sababu inanishangaza kila nikiiangalia. The Dick Van Dyke Show, Septemba 1963. Ni komedi. Bwana mmoja anaitwa Rob Petrie mkewe kajifungua, na yeye kajitia wasiwasi kwamba hospitali wamebadilishiwa watoto na familia nyengine inaitwa Peters, maana majina yanafanana, maua ya mwenzao yamekuja kwao, chakula kimekwenda sio. Wasiwasi unamzidi mpaka anawapigia simu wale kina Peters waje nyumbani wabadilishane watoto. Kengele inalia, mlango unafunguliwa, wanaingia Bwana na Bibi Peters, na ni weusi. Bwana Peters ni Greg Morris. Hana haja ya kusema kitu. Anaingia kavaa vizuri, katulia, anatabasamu kidogo tu, na ukumbi unalipuka kwa kicheko kirefu kiasi kwamba ilibidi wakikate wakati wa kuhariri.

Sasa fikiria hiyo ni Septemba 1963. Mwezi mmoja tu nyuma Martin Luther King alisimama Washington. Waliotengeneza kipindi walikuwa na kazi kubwa ya kuwashawishi wakubwa wa televisheni, waliogopa watu weusi wataona wanachekwa. Lakini kicheko kilimuangukia nani? Kilimuangukia Rob. Yule aliekuja mlangoni ndie mwenye akili timamu mule ndani, ndie aliejua tokea mwanzo, kaja tu kuona sura ya huyu mjinga wakati anafungua mlango. Na yote yale yamebebwa na uso wa mtu alieajiriwa kwa kipande kidogo. Angeingia na aibu, pangeharibika. Angeingia na hasira, pangeharibika. Angeingia anachekesha, pangeharibika zaidi. Aliingia kama jirani alieitwa akaitika, basi.

Hapo ndo utajua muigizaji wa pembeni ana kazi gani.

Sisi watu wa Unguja tungepaswa kulijua hili kuliko wengine maana tuna taarab. Ukenda kwenye shoo, Ikhwani Safaa, kikundi cha tokea 1905 hicho, au Culture, watu wanainuka na noti zao wanakwenda kumtunza muimbaji. Ndo ada na sina ugomvi nayo. Lakini nyuma pale amekaa mtu na kanuni mapajani, nyuzi sabini na ngapi sijui, vidole vyake havijapumzika tokea saa tatu usiku, na wapo waitikiaji ambao wakichelewa nusu pigo wimbo mzima unalala. Bibi yangu alikuwa akirudi kwenye taarab hazungumzi muimbaji, anazungumza "yule wa fidla leo kanitoa machozi". Ami kaurithi huo ugonjwa na mie nimeurithi kwake.

Turudi kwa Barney. Sirizi ilianza Septemba 1966 kwenye televisheni ya CBS, imetengenezwa na Desilu, kampuni ya Lucille Ball, na mwezi ule ule kampuni ile ile ikatoa Star Trek, sirizi ya safari za angani, ambayo nayo ilimueka Nichelle Nichols kwenye meli. Kwa hiyo studio moja, mwezi mmoja, watu weusi wawili wamekaa mbele ya mitambo wanaiendesha, na hakuna mtu anaeshangaa ndani ya hadithi. Hicho kitu ami alikiona bila ya kuambiwa. Barney ni mwenye kampuni yake ya elektroniki, Collier Electronics, bosi akichagua watu anatoa picha zao kwenye faili na yake imo, na hakuna hata siku moja mtu anauliza huyu anaweza kweli. Anaweza. Kila mtu anajua anaweza, wanamsubiri yeye amalize ndo waendelee.

Na alikaa. Hili watu hawalitilii maanani lakini mie kwangu kubwa sana. Bosi wa mwanzo, Steven Hill, aliondoka baada ya msimu mmoja, akaja Peter Graves. Martin Landau na Barbara Bain, mtu na mkewe, ndo waliokuwa nyota khasa, Barbara kachukua tuzo tatu za televisheni za Emmy mfululizo, na baada ya msimu wa tatu wote wawili wakaondoka. Akaja Leonard Nimoy, nae akakaa miaka miwili akaondoka. Wakaja wanawake mbali mbali. Greg Morris na Peter Lupus, yule mwenye misuli, ndo waliokuwepo msimu wa kwanza na ndo waliokuwepo msimu wa saba sirizi ilipomalizika Machi 1973, vipindi 171 kwa jumla. Wenye majina wanakwenda na kurudi, na yule wa shimoni yumo shimoni anafunga waya.

Ami nae hakuwa mtu wa kusifu tu. Alikuwa anamkosoa. "Hapo kaunganisha bila kuzima umeme, atakufa huyo." "Koleo gani hiyo, haina mpira kwenye mkono." Na siku moja, nadhani tulikuwa tumeshaiona kaseti ile mara kumi, akauliza swali ambalo nilikuwa mdogo sana kulijibu. Akasema, mbona yeye ndie anaeingia shimoni kila siku? Wenzake wanavaa suti wanakunywa na majenerali juu huko, yeye yuko chini ya sakafu, yuko kwenye bomba, yuko nyuma ya ukuta. Kwa nini?

Nimelifikiria swali hilo miaka thelathini na zaidi.

Jibu la kawaida ni la hadithi yenyewe. Nchi nyingi wanazokwenda ni za kubuni lakini zimefanana na Ulaya Mashariki, mpaka maandishi ya ukutani wameyabuni yafanane na lugha za huko lakini mtazamaji wa Marekani aelewe. Sasa nchi kama hiyo huwezi kumvisha mtu mweusi magwanda ya kanali ukasema hakuna atakaegundua. Kwa hiyo waandishi wakamuingiza kwenye bomba. Sawa, inaeleweka. Lakini bado ni kweli kwamba mtu mweusi pekee kafichwa, na ami aliliona kwa sababu yeye mwenyewe maisha yake yote kapita mlango wa nyuma kwenye majumba ya watu, "fundi pita huku", anatengeneza kitu, anatoka, na wageni waliokaa sebuleni hawajui kama alikuwepo.

Na kuna jambo jengine la ajabu. Wale maadui wa kwenye sirizi, wale wa makoti ya kijivu, kwetu sisi hawakuwa wa kubuni. Nyumba za maendeleo za Kikwajuni na Michenzani tulizokulia ndani yake zimejengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki. Ami kajifunza kazi kwa fundi mmoja wa Kijerumani aliekuwa akija mjini miaka hiyo, kamfundisha kushika mita, kamfundisha kuchomelea risasi bila kuunguza kitu cha pembeni, kamuachia bisibisi seti nzima ambayo mpaka leo ipo. Kwa hiyo ami anakaa Mlandege anamshangilia Barney anaewaingilia watu wa makoti ya kijivu, na huku kashika bisibisi aliopewa na mtu wa makoti ya kijivu. Hakuona tabu. Kwake pale palikuwa na mafundi na wasiokuwa mafundi, na yule Mjerumani na Barney walikuwa upande mmoja.

Mie nilivyokua nikaja kuona hivi: shimo ni shimo kweli, lakini waliompeleka kule walijikuta wamempa kitu ambacho hawakukipanga. Kwa sababu mashaka yote ya hadithi yako kule chini. Juu wanazungumza, na mazungumzo unaweza kuyakata, lakini kamera ikishuka kwa Barney panakuwa kimya, dakika nzima wakati mwengine zaidi, unasikia pumzi na chuma, na yeye lazima akushike kwa vidole na macho tu. Anaangalia saa. Anafuta jasho kwa bega kwa sababu mikono ina kazi. Akisikia hatua za mtu juu anasimamisha mkono, hausogezi, unaganda pale pale na waya kati kati ya vidole, na wewe uliekaa kwenye baraza la Mlandege nawe unaacha kupumua. Hebu jaribu kufanya hivyo mbele ya kamera bila maneno, uone kama ni kazi ya pembeni.

Baada ya hapo kazi yake ilikuwa ya kupanda na kushuka kama ya wengi. Alipita kwenye sirizi hii na ile, halafu kuanzia 1979 akapata sehemu ya kudumu kwenye Vega$, pamoja na Robert Urich, yeye akiwa Luteni David Nelson wa polisi. Tena wa pili, tena anaemsaidia mkubwa. Wakati huo huo wa Vega$, 1981, alipata ajali mbaya ya gari. Las Vegas yenyewe ilimkaa moyoni na huko ndo alikoishi.

Halafu ikaja 1988, na hiki kipande nakipenda kuliko vyote. Waandishi wa Hollywood waligoma, televisheni hazina hadithi mpya, basi wakatoa hadithi za zamani za Mission: Impossible wakaamua kuzitengeneza upya, wakenda kupigia picha Australia kupunguza gharama. Peter Graves akarudi. Fundi wa sasa akawa kijana anaitwa Grant Collier, mtoto wa Barney, na aliemcheza ni Phil Morris, mtoto wa Greg Morris khasa, wa damu. Na kuna kipindi Barney mwenyewe anarudi, kasingiziwa kuua, yuko jela Istanbul anasubiri kunyongwa, na mtoto wake anakuja kumtoa. Baba wa kweli na mtoto wa kweli, mmoja yuko ndani ya ukuta na mmoja yuko nje anatafuta njia.

Filamu ya Tom Cruise ilipotoka Mei 1996, Greg Morris alikwenda kuiangalia na akatoka ukumbini kabla haijamalizika, haikumpendeza kabisa na wala hakuficha. Namuelewa. Miezi mitatu baadae, Agosti 27, akafariki nyumbani kwake Las Vegas kwa saratani, bado mwezi mmoja tu atimize miaka 63. Mungu amuhifadhi.

Mie nilisoma habari hiyo miaka mingi baadae, maana enzi hizo intaneti kwetu hakuna. Nilikwenda kumwambia ami. Ilikuwa kile kipindi cha giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulivyokorofika tukakaa miezi mitatu kisiwa kizima hatuna umeme, maji shida, samaki wanaoza. Ami alikuwa keshafunga kibanda lakini kipindi kile alikifungua tena, kachukua betri ya gari, kaunga inveta, watu wanakuja kuchajisha simu foleni mpaka barabarani, na usiku foleni ikimalizika tunaunga televisheni ndogo tunaangalia diski nilizoagizia. Mtaa mzima mweusi ti, na pale kwa ami mwanga wa buluu, na Barney chini ya sakafu. Nikamwambia, ami, huyu bwana keshafariki zamani. Akanyamaza. Akashusha sauti ya televisheni, ijapokuwa hapakuwa na anaesema, akairejesha tena. "Innalillahi," akasema. Halafu akaniuliza, mwanawe yupo kwenye kazi? Nikamwambia yupo. Akasema basi vizuri.

Sasa hivi ami macho yamekwenda. Walimtoa mtoto wa jicho, jicho moja halikukaa sawa, la pili anaona kivuli na mwanga tu. Mwezi uliopita nilikwenda Michenzani nikamchukulia laptopu, nikamuekea kile kipindi cha Istanbul, cha baba na mtoto, ambacho hajawahi kukiona maisha yake. Nimeshabonyeza ndo nikaona nilichokifanya. Wale wanaozungumza, Kiingereza chao ami hakielewi, na Barney na mwanawe kazi yao ni ya kimya. Hakuna cha kusikiliza. Ami kakaa kwenye kiti cha ukili kainamisha sikio upande wa laptopu, anasubiri.

"Anafanya nini sasa?"

Ikabidi nimsomee. Nikamwambia kijana yuko nje, kapiga magoti, kafungua begi. Katoa mashine ndogo. Anachagua waya.

"Upi?"

"Mwekundu, ami."

"Mikono yake?"

Nikaangalia vizuri, nikasogea karibu na skrini. Nikamwambia imetulia, mirefu, kama ya baba yake.

Akatikisa kichwa. Tukaendelea hivyo saa nzima, yeye anauliza, mie namwambia kashika wapi, kageuza vipi, skrubu ngapi. Mahali fulani nikachelewa kusema kwa sababu na mie nilikuwa nimeganda, akanigonga goti.

"Muangalie," akasema, "kazima umeme kwanza?"